Daftari la Mtoto Mkimbizi: Tulisome kwa Akili, Tulitunze kwa Siri

Tarehe 28 na 29 Aprili mwaka 1994, katika muda wa saa 24 hivi, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda wakaingia wilaya ya Ngara, katika nchi yetu. Wengi walikuja kwa miguu, mizigo kichwani, watoto mgongoni au mkononi. Katika msongamano wa namna hiyo mkono wa mtoto waponyoka upesi: mama ageuka, na mtoto hayupo. Ndivyo ilivyo katika kila msafara wa wakimbizi. Wako watoto waliofiwa na wazazi, wako waliopotezana nao, na wako walioachwa kwa jirani kwa saa moja tu, na saa hiyo ikawa miaka.

Baadaye Msalaba Mwekundu, UNICEF, UNHCR, Save the Children na mashirika mengine yalianza kuwaandika watoto hao, makambini na ndani ya Rwanda yenyewe. Kila mtoto aliulizwa jina lake, majina ya wazazi, kilima alikozaliwa, na mahali alipowaona wazazi mara ya mwisho. Wadogo wasioweza hata kutaja jina walipigwa picha, na picha zikaonyeshwa watu ili wenye kuwajua wajitokeze. Katika eneo lote la Maziwa Makuu watoto zaidi ya 100,000 waliandikishwa, na makumi ya maelfu wakarudishwa kwa jamaa zao.

Lakini mwaka huo huo, ndani ya Rwanda, andiko la namna nyingine lilifanya kazi nyingine. Vitambulisho vya raia vilikuwa vimeandikwa kabila la mwenye navyo, desturi iliyoanzishwa wakati wa utawala wa Wabelgiji. Penye vizuizi vya barabarani wauaji walidai kitambulisho, na neno moja lililoandikwa juu yake lilitosha kumtoa mtu roho.

Wasomaji wetu wapenzi, yatazameni mambo hayo mawili pamoja. Andiko moja lilimrudisha mtoto kwa mama yake, andiko la pili lilimpeleka mtu kwenye kifo. Siku hizi habari za watoto wenye shida huwekwa katika majalada kwa maelfu, na wataalamu wa vyuo na mashirika huyasoma ili kupata maarifa. Kazi hiyo ni njema na ya lazima. Lakini asomaye majalada hayo hana budi kujua mambo mawili: yanaweza kumwambia nini na hayawezi kumwambia nini, na tena kwamba nyuma ya kila tarakimu yuko mtoto mwenye haki ya kufichiwa siri yake. Hilo ndilo somo letu la juma hili.

SHAURI LA MTOTO NI NINI?

Kwanza tujue maana ya maneno. Mwaka 2004 mashirika makubwa sita yalitoa kanuni za pamoja mintarafu watoto waliotengana na wazazi. Kanuni hizo zatenga makundi ambayo watu wengi huyachanganya. Yuko mtoto aliye peke yake kabisa, asiye na mtu mzima wa kumtunza. Yuko aliyetengana na wazazi, lakini anakaa na shangazi, babu au ndugu mwingine. Tena yuko yatima, yaani yule ambaye wazazi wake wajulikana hakika kuwa wamekufa. Kumwita kila mtoto aliye peke yake yatima ni kosa kubwa, kwa maana ni kumzika mzazi ambaye pengine yu hai, naye anamtafuta.

Ubaya wa kosa hilo ulionekana nchini Chad mwezi Oktoba 2007. Kikundi kimoja cha Wafaransa, Arche de Zoé, kilikamatwa katika mji wa Abéché kikitaka kusafirisha kwa ndege watoto 103 kwenda Ufaransa, kikidai kuwa ni yatima wa vita ya Darfur. Watumishi wa UNHCR, UNICEF na Msalaba Mwekundu waliwahoji watoto, mmoja mmoja. Watoto 91 wakaeleza kwamba walikuwa wakiishi na jamaa zao, pamoja na angalau mtu mzima mmoja waliyemhesabu kuwa mzazi wao. Basi maswali machache yaliyoulizwa kwa upole yaliokoa watoto wasing'olewe katika nyumba zao.

Kumbe ndiyo sababu kila mtoto hufunguliwa jalada lake, na kazi yote huitwa usimamizi wa mashauri. Hatua zake ni hizi: mtoto hutambuliwa na kuandikishwa, hali yake huchunguzwa, mpango hufanywa pamoja naye na mlezi wake, mpango hutekelezwa, mtumishi humtembelea tena na tena, na mwishowe, mambo yakiwa salama, jalada hufungwa. Zamani yote yaliandikwa katika kadi na karatasi. Siku hizi mashirika mengi hutumia kompyuta, na mfumo mmoja ujulikanao sana ni ule uitwao CPIMS+.

HESABU ISIYOSEMA TUNAYODHANI

Sasa twaja kwenye fundo lenyewe. Mtu apewapo hesabu ya majalada hudhani amepewa hesabu ya watoto walioumizwa. Sivyo.

Chukueni mfano tunaoujua sote. Daftari la ubatizo la parokia halionyeshi watoto wangapi wamezaliwa kijijini. Laonyesha wangapi wameletwa kanisani. Padre akiwa mgonjwa miezi mitatu, daftari litakuwa tupu, wala hatutasema kuwa wanawake wameacha kuzaa. Vivyo hivyo jalada la ulinzi wa mtoto latuambia nani amefika mbele ya meza. Halituambii nani amebaki nyumbani akilia.

Nao wanaobaki nyumbani ni wengi. Mwaka 2009 ulifanyika uchunguzi wa ukatili dhidi ya watoto katika Tanzania nzima, na matokeo yakatangazwa mwaka 2011. Vijana waliulizwa nyumbani kwao, si ofisini. Karibu wasichana 3 kati ya 10, na mvulana 1 hivi kati ya 7, walieleza kwamba walitendewa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Katika wasichana hao, nusu hivi tu ndio waliopata kumwambia mtu yeyote, na mmoja hivi kati ya watano ndiye aliyetafuta msaada. Ikiwa mambo ni hayo penye amani, vijiji vikiwa vimetulia, je, kambini, ambako mtoto hamjui jirani yake wala hajui mlango wa kubisha, itakuwaje?

Kosa la pili ni kuogopa hesabu inapopanda na kushangilia inaposhuka. Tuseme kambi fulani ina watumishi 4, na mwezi Januari wamefungua majalada mapya 40. Kufika Juni watumishi wamekuwa 9, na majalada mapya ni 90. Msomaji wa haraka atapiga kelele kwamba ukatili umezidi maradufu. Lakini tugawanye: kila mtumishi alifungua 10 mwezi Januari, na 10 mwezi Juni. Kilichozidi ni macho ya kuona. Kadhalika, fedha zikipungua na watumishi wakiondolewa, majalada mapya hupungua, na mkubwa aliye mbali aweza kusema hali imekuwa njema, kumbe watoto wamekosa tu mtu wa kumwambia.

Kosa la tatu ni kusahau kwamba msaada wenyewe hubadili hesabu. Huko Goma mwaka 1994 na baada yake, vilifunguliwa vituo vya watoto walio peke yao, navyo vilikuwa na chakula na dawa kuliko mahema ya nje. Wazazi waliozidiwa na njaa na ugonjwa wakaanza kuwaacha watoto wao milangoni, na wengine kuwafundisha kusema kwamba hawana mtu. Tusiwahukumu. Mzazi atafanya nini amwonapo mwanawe akifa? Lakini hesabu ya watoto walio peke yao ilipanda, na sehemu moja ya sababu ilikuwa vituo vyenyewe. Ndiyo maana tangu hapo wenye busara husisitiza kusaidia jamaa nzima, na kumweka mtoto aliye peke yake katika nyumba ya watu wema, chini ya uangalizi, badala ya kumweka kituoni.

Makosa mengine tuyataje kwa kifupi. Mtoto mmoja aweza kuandikishwa mara mbili, kambi hii na kambi ile, jina lake likiandikwa kwa herufi tofauti. Tena kwa desturi ya Rwanda na Burundi kila mtoto hupewa jina lake mwenyewe, ndugu wa tumbo moja wasishiriki jina la ukoo. Basi karani atafutaye ndugu kwa kufananisha majina ya mwisho hatawaona kamwe. Tena neno "jalada limefungwa" si lazima liwe habari njema. Mtoto aweza kuwa amerudi kwa mama yake. Aweza pia kuwa ametimiza miaka 18, amehama, amekufa, au ametoweka. Wanaohesabu mafungo yote pamoja hujisifu bure.

BASI MAJALADA YAFAA NINI?

Yafaa sana, mradi yaulizwe swali linaloyapasa. Hayawezi kutuambia ni watoto wangapi wanaoumizwa, lakini yaweza kutuambia kama wale waliofika wametendewa vema. Siku ngapi zilipita tangu mtoto aandikishwe hata alipotembelewa mara ya kwanza? Ni wapi wanaongoja kuliko wengine: wasichana wakubwa, watoto wadogo sana, au walemavu? Mbona katika sehemu hii ya kambi hakuna jalada hata moja la mtoto kiziwi, hali twajua kuwa viziwi wako? Kila mtumishi ana mashauri mangapi? Miongozo ya mashirika husema yasizidi 25 kwa mtumishi mmoja, kwa sababu akipewa 100 atakuwa karani wa majina tu, wala hatakuwa msaada kwa mtu. Maswali ya namna hiyo yafaa, kwa maana jibu lake humpatia mtoto wa kesho huduma iliyo bora.

SIRI YA MTOTO

Hata swali jema halimpi mtafiti ruhusa ya kufungua kila kitu. Mtoto aliyemweleza mtumishi aibu yake alimwambia yeye, ili asaidiwe, hakuwaambia walimwengu. Kwa hiyo kanuni ni kwamba jalada lipewe namba badala ya jina, lisomwe na wale tu ambao kazi yao yawalazimu, na habari isitolewe nje bila ridhaa ya mtoto na mlezi wake, isipokuwa maisha yamo hatarini.

Wala haitoshi kufuta jina. Mtu akiandika, "Msichana wa miaka 12, mlemavu wa mguu, kutoka kijiji fulani," kambi nzima itamjua kabla ya jua kuchwa. Mtafiti mwangalifu huunganisha makundi madogo, huacha jina la mahali, na pengine huacha kutangaza jambo kabisa. Bora utafiti upungue ukurasa mmoja kuliko mtoto apigwe kwa sababu yake. Taifa letu nalo limetunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika mwaka 2023, kwa kutambua kwamba habari za mtu si mali ya kila apitaye.

WAJIBU WETU NYUMBANI

Mtu asiseme kwamba haya ni ya wakimbizi na mabwana wa ofisini. Mwezi Desemba 2023 tope liliporomoka kutoka mlima Hanang likafunika nyumba za watu wa Katesh na vijiji vya jirani. Hao walikuwa raia walioamka kwao. Maafa hayabishi hodi.

Basi wazazi, wafundisheni watoto wenu tangu wadogo kutaja majina yao kamili, majina ya baba na mama, si "Mama Fulani" tu, na kijiji, kata na wilaya yao. Watoto wengi wamechelewa kurudi kwao kwa sababu walijua jina moja tu: Mama.

Mkimwona mtoto aliyepotea, msimfiche nyumbani kama mtumishi wa bure, wala msimpeleke mbali kwa nia njema bila kumwambia mtu. Mpelekeni kwa serikali ya kijiji au mtaa, au kwa afisa ustawi wa jamii, aandikwe. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 yamdai kila mwenye habari za mtoto anayedhulumiwa azipeleke kwa serikali ya mahali pake; na iko simu 116 kwa ajili ya kusikiliza shida za watoto.

Na mkijua shida ya mtoto wa jirani, mwambieni yule awezaye kumsaidia, kisha mnyamaze. Msisambaze picha yake katika simu, wala msiifanye habari yake mazungumzo ya kisimani. Maana daftari kubwa la kambini laanza na daftari dogo lililo katika kinywa cha kila mmoja wetu. Tusipoweza kutunza hilo dogo, tutawezaje kudai wengine walitunze hilo kubwa?