Jua Haki Zako: Mgodi Unapofika Ukutani

Hapa Kolwezi mtu anaweza kuwa na nyumba ambayo hakuna anayeibishia, na bado asiwe na haki ya kuchimba kobalti jikoni mwake. Sheria ya migodi ya Kongo ya tarehe 11 Julai 2002, iliyorekebishwa tarehe 9 Machi 2018, inatenganisha haki ya kukaa juu ya ardhi na haki ya madini yaliyo chini yake. Watu wa kartie ya Kasulo walijifunza hilo kwa uchungu. Mwaka 2014 kobalti ilionekana chini ya nyumba zao, na haikuchukua muda watu wakaanza kuvunja sakafu za vyumba vya kulala na kuzamisha mashimo ndani ya parsele, mengine yakipita hadi chini ya nyumba ya jirani. Mwaka 2017 serikali ya jimbo la Lualaba ikaikabidhi kampuni ya CDM, iliyo chini ya Huayou Cobalt ya China, sehemu ya kartie hiyo. Familia zikahamishwa, ukuta ukajengwa. Aliyesema "parsele ni yangu, nachimba nitakavyo" hakuwa na sheria upande wake.

Lakini sheria hiyohiyo inaibana kampuni pia. Mwenye permis ya madini hakupewa nyumba yako pamoja na permis hiyo. Amepewa ruhusa ya kutafuta au kutoa madini, na kama nyumba yako iko njiani, lazima apitie kwako kwanza. Makala hii inaanzia hapo, kwa sababu ndipo watu wengi wa komini za Dilala na Manika wanapopoteza mali: kampuni inafika na karatasi, familia inatia sahihi siku hiyohiyo, kisha inagundua kwamba pesa iliyopewa haitoshi kununua hata nyumba ya vyumba viwili pembeni ya mji.

Tuanze na makaratasi. Tangu sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973, ardhi yote ya nchi ni mali ya Serikali, na raia hupewa haki ya kuitumia. Hati inayothibitisha haki hiyo kikamilifu ni moja tu, certificat d'enregistrement, inayotolewa na Conservateur des titres immobiliers. Fiche parcellaire uliyopewa komini, karatasi ya mauzo yenye sahihi ya shefu wa kartie, risiti za miaka ishirini, zote zina faida yake na usizitupe, ila hazifikii nguvu ya certificat. Mtu mwingine akipata certificat juu ya parsele yako bila wewe kujua, na miaka 2 ikapita, utaweza kudai fidia mahakamani, lakini kuivunja hati yenyewe itakuwa kazi ngumu mno. Ndiyo maana nawaambia watu waende ofisi ya Conservateur kuuliza hali ya parsele yao hata kama hakuna ugomvi wowote. Hasa waliorithi au kununua nyumba za zamani za Gécamines, kampuni ya madini ya Serikali. Mji huu ulianzishwa mwaka 1937 na Union Minière, ambayo Gécamines ilirithi mali zake, na kwa miaka mingi kampuni ndiyo iliyojenga, ikatengeneza mabomba na kubadili mabati. Mtu aliyeishi katika nyumba kama hiyo tangu utoto wake huona ni yake kwa hakika, na huenda ni kweli, lakini katika daftari la ardhi jina linaweza kuwa bado la kampuni. Hapo ukuta uliopakwa rangi mpya hausaidii kitu.

Je, asiye na certificat hana haki mbele ya kampuni ya madini? Anayo, na hapa wengi hudanganywa. Kifungu cha 281 cha sheria ya migodi kinaposema "ardhi" inayostahili fidia, kinafafanua kwamba ni ile ambayo watu wamekuwa wakiitumia siku zote au wanaitumia sasa kwa haki yoyote ile. Mama aliyelima shamba la mihogo aliloachiwa na wazazi wake nje ya mji anaingia humo. Akiambiwa "huna hati, ondoka", ajibu kwamba sheria haikuweka sharti hilo.

Na fidia yenyewe? Kifungu hicho kinasema ni kodi ya ardhi au thamani ya ardhi wakati inapochukuliwa, ikiongezwa nusu yake. Tuseme ardhi yako imethaminiwa dola 4,000: fidia ya ardhi peke yake ni dola 6,000. Majengo, miti ya matunda, kisima na mazao viorodheshwe kila kimoja mahali pake. Mtu akikuletea jumla moja iliyoandikwa chini ya karatasi bila kuonyesha alivyoifikia, una haki ya kuuliza nini kimehesabiwa na kwa bei gani. Usione haya kumwomba akuachie nakala ukaisome nyumbani na mtu unayemwamini. Mwenye hesabu safi haogopi kuacha nakala.

Kampuni ikitaka si ardhi tu bali watu wahame, kanuni za migodi za 2018 zina kiambatisho kizima, Annexe XVIII, kinachoeleza uhamishaji, fidia na makazi mapya. Kinadai mpango wa makazi mapya ulioandaliwa kwa kushauriana na wanaohamishwa. Mkutano wa saa moja chini ya mwembe ambapo mkuu anasoma tangazo na watu wanapiga makofi haustahili kuitwa mashauriano. Waulize: mpango ulioandikwa uko wapi? Tunahamia wapi, kuna maji, kuna umeme, shule iko umbali gani? Maswali haya yana msingi katika Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, ambayo kifungu chake cha 48 kinahakikisha haki ya makazi bora pamoja na kupata maji ya kunywa na umeme. Mwezi wa Septemba 2023, Amnesty International na shirika la hapa Kongo liitwalo IBGDH walitoa ripoti juu ya watu waliohamishwa kupisha migodi ya kobalti na shaba katika eneo hili, wakiwemo wa Cité Gécamines, jirani na mgodi wa COMMUS ambao sehemu kubwa ni ya Zijin ya China na iliyobaki ya Gécamines. Wengi walisema hawakushauriwa vya kutosha, na kwamba pesa waliyopewa haikuwawezesha kupata nyumba ya hali ileile. Waliokuwa na maji ya bomba na umeme wakajikuta mahali pasipo na vyote viwili.

Kuna kipimo kimoja ambacho kila mkaazi wa Musonoi, Kapata au Luilu angekikariri: mita 180. Kifungu cha 279 kinakataza kampuni kukalia eneo lililo chini ya mita 180 kutoka kwenye nyumba, iwe ina watu au haina, mpaka mwenye nyumba au mkaaji wake halali akubali. Kwa shamba lililolimwa ni mita 45. Sheria ikishakuweka wewe kuwa mwenye kukubali au kukataa, sahihi yako ni mali. Wakati wa kujadiliana ni kabla ya kuitia. Baadaye unabaki kuomba.

Nyumba ambazo hazihamishwi nazo zina shida yake. Baruti inalipuliwa, madirisha yanatetemeka, na baada ya miezi michache nyufa zinatokea ukutani. Kifungu cha 280 kinamtaka mwenye haki ya madini afidie hasara iliyosababishwa na kazi zake hata kama kazi hizo zimeruhusiwa na Serikali. Kwa hiyo jibu la "tuna ruhusa ya kulipua" halimalizi kesi. Tatizo liko kwenye ushahidi, maana kampuni itasema nyumba ilikuwa na nyufa tangu zamani, au saruji ilikuwa kidogo. Piga picha za kuta zako sasa, zikiwa nzima, na uziweke kwenye simu ya mtu mwingine pia. Ufa ukitokea, andika tarehe na saa ya mlipuko, wakusanye majirani wenye hasara kama yako, muite huissier, ofisa wa mahakama, aje kuandika constat ya alichokiona. Barua ya kulalamika ipelekwe kwa kampuni na nakala kwa bourgmestre, nawe ubaki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Nimeona mafaili mazuri yakifa kwa kukosa muhuri huo tu.

Tofautisha yote hayo na jambo lingine: Serikali yenyewe kuchukua nyumba kwa manufaa ya umma, kwa mfano kupanua barabara. Kampuni haina mamlaka ya kunyang'anya mali ya mtu, hata ikija na askari. Mamlaka hayo ni ya Serikali, na Katiba kifungu cha 34 kinayafunga kwa sharti la fidia ya haki inayotangulia. Sheria ya tarehe 22 Februari 1977 inaeleza njia yake: uamuzi uandikwe na kutangazwa, wewe upelekewe taarifa na utie sahihi ya kuipokea, upewe mwezi mmoja wa kutoa malalamiko au madai. Mkishindwa kukubaliana bei, mahakama inaamua. Baada ya hukumu, pesa ilipwe ndani ya miezi 4; muda huo ukipita unaweza kuomba uchukuaji wenyewe ufutwe. Msalaba mwekundu uliopakwa usiku kwenye ukuta kuonyesha kwamba nyumba itavunjwa hauingii popote katika njia hii.

Sasa neno kwa akina papa, na mtanisamehe. Sheria ya familia ya 1987, iliyorekebishwa 2016, inataka mume na mke wakubaliane wote wawili kabla nyumba haijauzwa au kuachiliwa. Kuna papa anayekwenda kupokea fidia peke yake, mama anapata habari malori yanapofika. Mama huyo anaweza kuupinga mkataba mahakamani. Kampuni nayo, kama inajali usalama wake, itadai sahihi mbili. Na mjane asikubali kutolewa nje na ndugu wa marehemu kwa kisingizio kwamba fidia ni ya ukoo: sheria inamwachia haki ya kutumia nyumba aliyoishi na mume wake.

Mpangaji hatajwi sana katika mazungumzo haya, ingawa kodi za Kolwezi zimepanda tangu wafanyakazi wa kampuni na wakandarasi wao walipojaa mjini. Sheria ya tarehe 31 Desemba 2015 ndiyo inayosimamia nyumba za kupanga. Garanti ya nyumba ya kuishi isizidi kodi ya miezi 3. Anayekudai miezi 6 au 10 anavunja sheria, hata kama mtaa mzima unafanya hivyo. Mwenye nyumba akitaka utoke, haruhusiwi kung'oa mlango wala kutupa vitu nje. Ugomvi upelekwe kwanza service de l'habitat ili mpatanishwe, ukishindikana uende tribunal de paix. Dai mkataba wa maandishi. Bila huo hakuna atakayejua mlikubaliana nini, na mwenye nyumba husema kwa sauti kubwa kuliko mpangaji.

Kuna pia haki ya mtaa mzima ambayo haitumiwi. Katika mrabaha wa madini, sheria ya 2018 inagawa asilimia 15 kwa komini, miji na sekta ambazo mgodi uko ndani yake, na asilimia 25 kwa jimbo. Juu ya hayo, kampuni inatoa asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii zinazoizunguka, na ina cahier des charges, yaani orodha ya ahadi zake, iliyotia sahihi pamoja nazo. Mifereji ya kuondoa maji ya mvua, viwanja vilivyopimwa, maji, barabara za ndani ya kartie, hivyo ndivyo vinavyofanya nyumba idumu, na pesa ya kuvifanyia kazi inatajwa katika sheria. Kamati ya kartie iandike barua kwa bourgmestre kuomba kuona mapokezi na matumizi ya mwaka uliopita, na iombe nakala ya cahier des charges. Msiombe kama zawadi.

Ukihitaji mwanasheria na huna pesa, nenda Bureau de consultations gratuites ya mawakili. Kila barreau nchini inapaswa kuwa nayo, na ya Lualaba pia. Komini inaweza kukupa certificat d'indigence ili usilipe gharama za mahakama. Ugomvi na kampuni juu ya fidia usipoisha kwa maelewano ndani ya miezi 3, sheria ya migodi inauruhusu kwenda mahakamani. Siku ya kwanza kwa wakili nenda na kitambulisho, karatasi zote za parsele hata zilizochakaa, picha, barua zenye muhuri, majina na simu za majirani wawili watakaokubali kushuhudia, na kama umeshatia sahihi mahali popote, nenda na karatasi hiyo pia, usiifiche.