Somo la Usalama Barabarani: Betri ya Gari la Haibridi Inapokwisha Nguvu



Watu wa mpakani wana desturi njema ya kusaidiana njiani. Gari likizimika, mwendesha bodaboda husimama, dereva wa lori huteremka, na vijana wa kijiji hujitokeza kusukuma. Sisi polisi tunaithamini desturi hiyo, kwa kuwa mara nyingi raia humfikia mwenye shida kabla yetu. Lakini magari yanayopita katika barabara zetu yamebadilika, na msaada uliofaa kwa gari la zamani waweza kuliharibu gari la haibridi, au kumjeruhi msaidizi mwenyewe. Kwa sababu hiyo tumeona vema somo la toleo hili lihusu jambo hilo.

Gari lenye betri mbili

Gari la haibridi huendeshwa na injini ya petroli pamoja na mota ya umeme. Toyota Prius, iliyoanza kuuzwa Japani mwaka 1997, ndiyo iliyotangulia kutengenezwa kwa wingi. Leo Prius na Aqua zilizotumika huletwa Afrika Mashariki kutoka Japani, na nyingi huja na kitabu cha maelezo cha Kijapani ambacho mwenye gari hawezi kukisoma.

Gari hili lina betri mbili, na hapo ndipo kosa huanzia. Betri kubwa huendesha mota. Katika Prius za kizazi cha pili na cha tatu ina takriban volti 201, na katika Aqua volti 144. Mitambo ya gari huupandisha umeme huo hadi volti 500 au zaidi, yaani zaidi ya mara mbili ya umeme wa majumbani mwetu, ambao ni volti 240. Nyaya zake zimefunikwa kwa rangi ya chungwa ili kila mtu azitambue. Umeme huo unaua.

Betri ndogo ni ya volti 12, kama ya gari lolote dogo. Kazi yake si kuzungusha injini, bali kuamsha kompyuta za gari, kufungua milango na kuunganisha mkondo wa betri kubwa. Gari la haibridi likikataa kuwaka baada ya kuegeshwa, mara nyingi iliyokwisha nguvu ni hii ndogo. Hakuna sababu ya mtu kuigusa ile kubwa.

Kwa nini betri ndogo hufa

Tuchukue mfano wa dereva aliyetoka Kiyeyi kwenda Busia. Anafika kituo cha pamoja cha mpakani, anakuta foleni, anazima gari lakini anaacha redio ikilia na taa ya ndani ikiwaka. Gari la haibridi huchaji betri yake ndogo pale tu taa yenye neno READY inapowaka kwenye dashibodi. Redio ikilia bila taa hiyo, betri inanyonywa wala hairudishiwi kitu. Saa mbili baadaye foleni inasogea, naye anabonyeza kitufe bila jibu.

Gari lililoegeshwa wiki kadhaa bila kuwashwa nalo hupatwa na hali hiyo hiyo. Kinga yake ni nyepesi: ukisubiri muda mrefu, ama uache READY ikiwaka mahali penye hewa ya kutosha, ama uzime kila kitu kabisa.

Mambo matano yasiyofaa kufanywa

La kwanza, msilisukume. Gari hili haliwashwi kwa kusukumwa. Katika mengi, betri ndogo ikiisha nguvu gia haitoki kwenye P, kwa hiyo hata vijana ishirini hawatafanikiwa. Kulivuta magurudumu ya mbele yakizunguka chini nako huweza kuifanya mota izalishe umeme na kuunguza mitambo.

La pili, msichukue umeme wa lori. Barabara ya Malaba imejaa malori, na dereva wa lori ni mwepesi wa kusaidia. Lakini malori makubwa hutumia volti 24. Umeme huo ukiingia katika mfumo wa volti 12, kompyuta za gari zaweza kuungua mara moja.

La tatu, msigeuze nyaya. Chanya ikiunganishwa na hasi hata kwa nukta moja, fyuzi na kifaa cha kuchajia huharibika, na gharama yake ni kubwa kuliko bei ya betri mpya.

La nne, msiguse wala kukata waya wa rangi ya chungwa, na msifungue betri kubwa. Hiyo ni kazi ya fundi aliyesomea, mwenye glavu za kuzuia umeme. Hata fundi huyo, baada ya kuutenga umeme, husubiri dakika kadhaa ili uliobaki ndani ya mitambo upungue.

La tano, msitumie gari la haibridi kuliamsha gari jingine. Mitambo yake haikuundwa kutoa mkondo mkubwa unaohitajiwa na injini ya kawaida.

Namna ya kuliamsha kwa usalama

Vijana wa gereji huita kazi hii kujampu. Tafuteni gari dogo la kawaida lenye betri ya volti 12, na nyaya nzima zisizochubuka. Yaegesheni magari karibu bila kugusana. Yote mawili yawe yamezimwa, gia ikiwa kwenye P na breki ya mkono imevutwa. Pasiwe na sigara wala moto, kwa sababu betri hutoa gesi inayolipuka. Watoto na watazamaji wasogezwe mbali.

Katika Prius za kizazi cha pili na cha tatu betri ndogo imo nyuma, ndani ya buti, na buti lenyewe hufunguliwa kwa umeme. Ndiyo maana watengenezaji waliweka ncha maalumu ya kuunganishia ndani ya kisanduku cha fyuzi, chini ya boneti, yenye kifuniko chekundu na alama ya kujumlisha. Ikiwa mlango haufunguki, ndani ya rimoti umefichwa ufunguo mdogo wa chuma ufunguao mlango wa dereva.

Kisha fuateni mpangilio huu bila kuruka hatua:

1. Waya mwekundu uunganishwe kwenye ncha chanya ya gari la haibridi.
2. Upande wake wa pili uunganishwe kwenye chanya ya betri ya gari linalosaidia.
3. Waya mweusi uunganishwe kwenye hasi ya betri ya gari linalosaidia.
4. Upande wake wa pili ubanwe kwenye chuma kitupu kisicho na rangi ndani ya boneti ya gari la haibridi, mbali na betri na mbali na sehemu zinazozunguka.
5. Gari linalosaidia liwashwe na liachwe lingurume kwa takriban dakika tano.
6. Dereva wa haibridi akanyage breki na kubonyeza kitufe cha POWER hadi READY iwake.
7. Nyaya ziondolewe kwa mpangilio wa kinyume, kuanzia ile iliyoungwa mwisho.

Hapa pana hatari inayosahaulika. READY ikiwaka, gari linaweza kuondoka bila mlio wowote, na injini ya petroli inaweza kujiwasha yenyewe ghafla. Msaidizi aliyeinamia boneti akidhani gari limezimwa anaweza kupoteza vidole. Kwa hiyo dereva abaki kwenye usukani, mguu ukiwa kwenye breki, mpaka mikono yote iwe imetoka na boneti imefungwa.

Baada ya hapo gari lisizimwe upesi. Likifika nyumbani, betri yaweza kuchajiwa kwa chaja ya volti 12 ya mwendo wa polepole. Chaja ya haraka huidhuru. Ikiwa imezeeka, inunuliwe iliyotengenezewa gari la aina hiyo. Betri iliyomo ndani ya gari ina mrija wa kutolea gesi nje; ya kawaida isiyo na mrija huiacha gesi hiyo kwa abiria.

Tindikali ya betri ikimwingia mtu machoni, oshwe kwa maji safi mengi yanayotiririka kwa muda usiopungua dakika 15, kisha apelekwe kituo cha afya bila kuchelewa.

Usiku barabarani

Betri ikiisha nguvu, taa za tahadhari nazo huzimika. Gari linakuwa kizuizi kisichoonekana, na lori linalotoka mpakani halitaliona mpaka limelifikia. Pembetatu ya tahadhari iwekwe nyuma na mbele, kwa umbali wa kutosha kumpa dereva nafasi ya kusimama. Matawi tuliyoyazoea hayaakisi mwanga. Yakitumika kwa kukosa pembetatu, yaondolewe gari likishaondoka. Abiria washuke na kukaa nje ya barabara.

Dereva asimpe mgeni ufunguo, na asikubali gari lifunguliwe na mtu anayejiita fundi lakini asiyeweza kueleza betri ndogo iko wapi. Nanyi vijana, msione haya kusema hamfahamu gari la aina hiyo. Kumlinda mwenye gari na kumwita fundi ni msaada kamili. Mjulisheni mwenyekiti wa kijiji, au viongozi wa Nyumba Kumi kwa upande wa Kenya, au piga 999 au 112 uzungumze na polisi.

Maswali ya kujadiliana katika baraza

1. Ni taa gani huonyesha kwamba betri ndogo inachajiwa?
2. Kwa nini lori halifai kuliamsha gari la haibridi?
3. Waya wa mwisho hubanwa wapi, na ni upi wa kwanza kuondolewa?
4. Katika kijiji chetu, ni nani mwenye nyaya nzima na pembetatu za tahadhari, na tutampataje usiku?

Swali la nne ndilo tunaloomba mlijibu kabla ya gari la kwanza kuzimika. Wahenga walisema, kinga ni bora kuliko tiba.