Kumwona Pofu wa Ziwa Mburo

Mkazi wa Nsambya, Kampala, anayetaka kumwona swala mkubwa kuliko wote nchini Uganda hana haja ya kufunga safari mpaka Kidepo. Ashike barabara ya Masaka, apite Lyantonde, na baada ya kama kilomita 240 atafika Hifadhi ya Taifa ya Ziwa Mburo, iliyotangazwa mwaka 1983. Mwenyeji wa huko ni pofu, ambaye wengine humwita mbunju. Nawasihi hasa wazazi wawapeleke watoto wao, maana ni mnyama wetu na wengi hawamjui.

Njiani utaona ng'ombe wengi wa Ankole, na kwa mbali pofu hudhaniwa ng'ombe. Tazama pembe. Za ng'ombe hutanuka pande mbili. Za pofu huelekea nyuma, zimejisokota kama kamba, na jike anazo pia, tena nyembamba na mara nyingi ndefu kuliko za dume. Rangi ni hudhurungi, na ubavuni mna mistari myeupe myembamba. Dume mzee huwa wa kijivu shingoni, ana shungi la nywele kwenye paji la uso na ngozi inayoning'inia kooni. Uzito wake unaweza kupita kilo 700.

Ukinyamaza, huenda ukamsikia kabla hujamwona. Dume akitembea, miguu yake ya mbele hulia ta, ta, ta. Utafiti uliofanywa Kenya na kuchapishwa mwaka 2008 ulionyesha kwamba mlio huwa mzito zaidi kwa dume mwenye mwili mkubwa. Kwa hiyo madume wanaweza kupimana kwa masikio, bila kupigana.

Chakula chake kikubwa ni majani ya miti na vichaka, na tawi lililo juu hulivunja kwa pembe. Hapo Mburo, ambako migunga imeenea sana mbugani, kazi hiyo ina faida kwa kuwa huipunguza. Jua likiwa kali hujificha kivulini, basi lala karibu na hifadhi utoke alfajiri. Chukua darubini, kwa sababu pofu ni mwoga na hukimbia watu wangali mbali. Gari likisimama, zima injini, usipige honi. Kutembea kwa miguu kunaruhusiwa, lakini pamoja na askari wa wanyamapori tu.

Ua wa shamba haumzuii. Pofu huruka zaidi ya mita mbili, na makundi hutoka hifadhini kwenda kwenye ranchi za jirani. Kama una ndugu wanaofuga huko Kiruhura, waambie wasimfukuze kwa mbwa wala wasitege nyaya. Wapeleke habari kwa askari wa lango la karibu. Nyama yake nayo msinunue, hata mkiambiwa ni ya bei rahisi: kumwinda bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2019.