Askari wa Ubongo na Maradhi ya Kusahau

Tumeletewa suali na ndugu yetu akaaye Endarasha, huko Nyeri. Mama yake, aliyepita miaka 80, amesahau majina ya wanawe, na usiku hutoka kuitafuta nyumba aliyozaliwa. Majirani wasema amerogwa. Je, ni kweli?

Jawabu: Hasha. Dalili hizo zafanana na maradhi ya ubongo aliyoyaeleza tabibu wa Kijerumani, Alois Alzheimer, mwaka 1906. Wala si ya Wazungu peke yao. Katika wilaya ya Hai, Kilimanjaro, walipopimwa wazee wa miaka 70 na zaidi, kama 6 katika kila 100 walionekana wana maradhi ya kupotewa na fahamu. Matokeo hayo yalitangazwa mwaka 2013.

Jueni ya kuwa ubongo una askari wake: chembe hai ziitwazo maikroglia, alizozibainisha Mhispania Pío del Río Hortega mwaka 1919. Kazi yao ni kulinda na kufagia. Hula taka na chembe zilizokufa, kama wafagiaji wa soko waondoao majani ya kabeji jioni, ili asubuhi watu wapate njia.

Katika maradhi haya, taka ya protini iitwayo amiloidi hufanya madonge baina ya chembe za fahamu. Askari huyazingira na kuyala. Lakini miaka ikipita huchoka. Huacha kufagia, wakabaki kupigana. Hutoa kemikali zichocheazo uvimbe, na hula hata viungio vizima ambavyo kwavyo chembe za fahamu hupashana habari. Hapo mlinzi huwa mharibifu.

Ushahidi ulidhihiri mwaka 2012: waliozaliwa na kasoro fulani katika jeni ya TREM2, ambayo askari hawa huitegemea kuitambua taka, hupatwa na maradhi haya zaidi kuliko wenzao.

Mwaka 2023 Marekani iliidhinisha dawa ya lecanemab, ishikayo amiloidi ili askari waijue na kuila. Hupunguza mwendo wa maradhi kidogo, haiponyi, na yaweza kuuvimbisha ubongo au kuutoa damu.

Basi, ewe ndugu, usimpeleke mama kwa mganga. Mpeleke kwa tabibu, kwani kuna kusahau kutokanako na upungufu wa vitamini B12 au maradhi ya tezi ya shingo, nako hutibika. Usiku alale na mtu karibu, wala asifungiwe kama mhalifu. Akikuuliza jina lako mara ya kumi, mjibu kama mara ya kwanza. Yeye amesahau kuwa wewe u mwanawe. Wewe usisahau kuwa yeye ni mama yako.