Hikima ya Rangi kwa Wanyama

Katika Sura ya Fatir, aya ya 27 na ya 28, Mwenyezi Mungu Mtukufu ametutajia rangi mbalimbali za matunda, na za milima, na za watu na wanyama. Na papo hapo akawataja wenye elimu kuwa ndio wamchao. Sisi katika darasa zetu huisoma aya hiyo, tukaeleza nahau yake, kisha tukapita. Rangi zenyewe hatuziangalii. Wazee wetu hawakuwa hivyo. Al-Jahiz wa Basra, aliyefariki mwaka 255 wa Hijra (869 wa Miladi), katika Kitabu chake cha Wanyama hakuona haya kuandika habari ya chawa: kwamba katika kichwa chenye nywele nyeusi huwa mweusi, na katika kichwa chenye mvi huwa mweupe. Bingwa wa lugha na kalamu alikaa akamtazama chawa! Basi nasi leo tutazame wadudu wa shamba.

Shamba lenyewe ni la Tongaren, katika Bungoma, upande wa kuelekea Kitale. Tumelichagua kwa kuwa ile ni nchi ya mahindi na majani mengi, na vipepeo tutakaowaeleza huko wapo vilevile Malindi na Mombasa, hata msomaji aweza kuwahakiki nyuma ya nyumba yake.

Silaha ya kwanza ya rangi ni kujificha. Panzi wa kijani akitua juu ya jani bichi la muhindi, jicho humpoteza. Na wako panzi wa nyika za Afrika ambao, moto ukipita na ardhi ikawa nyeusi, nao hugeuka weusi baada ya siku chache. Ndege apitaye juu hana la kuokota. Kinyonga naye watu wetu wamemzulia mengi, na wapo wamwuao wakidhani ni mkosi. Hakuna mkosi kwake. Tena si kweli kwamba kazi ya rangi zake ni kujificha tu. Hugeuza rangi pia kwa kumtisha mwenziwe na kwa kutaka jike. Mwaka 1972 vinyonga wa pembe tatu kutoka Kenya walipelekwa visiwa vya Hawaii, wakazaana huko. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022 umeonyesha kuwa wale wa Hawaii, ambako ndege na nyoka wa kuwala ni wachache, hujipamba kwa rangi kali zaidi kuliko jamaa zao waliobaki Kenya. Yaani huyu wa kwetu hujizuia, kwa kuwa adui yuko.

Silaha ya pili ni kinyume cha hiyo, na ndiyo tuipendayo zaidi: kujitangaza. Yuko kipepeo wa rangi ya chungwa, ambaye wataalamu humwita kwa Kilatini Danaus chrysippus. Magharibi ya Kenya wengi wao wana ncha za mabawa nyeusi zenye madoa meupe, na wengine bawa la nyuma ni jeupe. Huku pwani wengi ni chungwa tupu. Wamisri wa kale walimchora katika makaburi yao zaidi ya miaka 3,000 iliyopita. Huruka polepole, kama mtu asiyedaiwa. Mayai yake huyataga juu ya magugu yenye utomvu mweupe kama maziwa, na katika utomvu huo mna sumu iudhurayo moyo. Kiwavi huila bila ya kudhurika, akaiweka mwilini, nayo hubaki naye hata awapo kipepeo. Ndege mchanga akimla mmoja hutapika, na tangu siku hiyo akiiona rangi ya chungwa huiacha. Kwa hiyo rangi hii ni ilani.

Penye ilani hutokea mghushi. Kipepeo mwingine, Hypolimnas misippus, hana uchungu. Ndege amlaye hushiba kwa salama. Dume lake ni jeusi lenye madoa makubwa meupe, wala halifanani na tuliyemtaja. Lakini jike lake! Jike ni chungwa, na ncha nyeusi, na madoa meupe. Tena wapo majike wasio na ncha nyeusi, na wapo wenye bawa la nyuma jeupe, sawasawa na zile namna za mchungu.

Mtu atauliza: nani amemfundisha? Hakufundishwa, wala hajui kwamba amefanana na mtu. Wataalamu, tangu Mwingereza Bates aliyetazama vipepeo wa mto Amazon akaandika habari zao mwaka 1862, husema kuwa mchaguzi ni ndege: aliyefanana kidogo na mchungu huachwa akazaa, asiyefanana huliwa, na vizazi vikipita mfano huzidi kukaribia. Sisi hatuoni katika maneno haya jambo la kumtisha Muislamu. Ni kanuni miongoni mwa kanuni alizoziweka Muumba katika viumbe vyake.

Kanuni hiyo ilipata ushahidi mzuri si mbali na Tongaren. Dk. G. D. Hale Carpenter, tabibu wa Kiingereza, alikwenda Uganda mwaka 1910 kuchungua ugonjwa wa malale katika visiwa vya Ziwa Viktoria, na huko akakusanya vipepeo wa jamii nyingine yenye waigaji. Bara, karibu na Entebbe, wachungu walikuwa wengi, na waigaji wao walifanana nao barabara. Visiwani wachungu walikuwa wachache, na waigaji walikuwa ovyo ovyo: huyu nusu hivi, yule nusu vile. Sababu ni kuwa ndege wa visiwani hakuonja uchungu mara nyingi, basi hakuwa na haja ya kuiheshimu ilani, na mwigaji aliyekosea hakuliwa zaidi ya aliyepatia.

Msomaji wa mji wa biashara hahitaji kufafanuliwa sana. Noti bandia hupita sokoni kwa sababu noti za kweli ni nyingi. Zikizidi bandia, hata mwenye noti halali hukataliwa. Na hapa tuseme waziwazi: wapigao ramli na wauzao hirizi katika miji yetu hawavai nguo za kiajabu. Huvaa kilemba na joho la mwanachuoni, kwa kuwa heshima ya mwanachuoni wa kweli ndiyo iwapitishayo mlangoni. Hasara yake haiwapati wao. Humpata shekhe mkweli, ambaye kijana aliyekwisha danganywa hataki tena kumsikiliza. Kipepeo hana dhambi katika mfano wake. Hawa wanajua wafanyalo.

Turudi kwa wadudu. Mwenye safari ya Kitale na aitembelee nyumba ya makumbusho ya huko, iliyofunguliwa mwaka 1974, ambayo asili yake ni wadudu, wanyama na vitabu alivyovikusanya Kanali Stoneham. Asiye na safari atosheke na uwanja wake. Watoto wa madrasa wasiwakimbize vipepeo hawa. Wangoje mmoja atue na kukunjua mabawa, kisha wahesabu madoa madogo meusi katikati ya bawa la nyuma. Mchungu anayo matatu, na akiwa dume manne. Mwigaji hana hapo katikati. Lake ni moja tu, ukingoni mwa mbele. Na wakishindwa kuhesabu, wamshtue kidogo: mchungu huondoka kwa taratibu yake, na yule mwingine husahau uigaji wake akakimbia.