Nani Aliibiwa? Rushwa ya Kamari Mbele ya Sheria

Agosti 2010, uwanjani Lord's, London, warusha mpira wawili wa Pakistan, Mohammad Asif na Mohammad Amir, walikanyaga nje ya mstari mara tatu, kama walivyopangiwa. Katika kriketi kosa hilo huwapa wapinzani mkimbio mmoja tu. Wakala Mazhar Majeed alikuwa amepokea pauni 150,000 kutoka kwa mwandishi wa habari aliyejifanya mfanyabiashara. Nahodha Salman Butt alihusika pia.

Ndugu msomaji, nani aliibiwa hapo? Mwandishi alitafuta ushahidi, hakutafuta mkeka. Sheria ya Uingereza ya mwaka 2005, kifungu cha 42, inasema kudanganya katika kamari ni kosa hata kama mdanganyaji hakushinda chochote. Nadhani ni sahihi. Anayebeti hukisia jambo lisilojulikana bado. Mchezaji akishaliuza, anayekisia amekwisha kudanganywa, awe mmoja au elfu.

Malipo yenyewe yaliangukia sheria ya rushwa ya mwaka 1906 (kongwe kuliko taifa la Pakistan!). Novemba 2011 wote walifungwa: Majeed miezi 32, Butt 30, Asif 12, na Amir, aliyekuwa na miaka 18 alipotenda kosa, miezi 6.