Farasi Aliyekataa Kuruka

Rafiki alinialika Karen nijifunze kuruka viunzi na farasi. Nikapewa jike mwenye moto. Anakuja mbio, akifika kwenye kiunzi, breki! Mara ya tatu niliruka mimi, yeye akabaki.

Nikamlalamikia mwalimu, "Huyu farasi ana kiburi."

Akanijibu, "Wewe ndiye unaangalia chini, halafu unavuta hatamu."

Akanieleza: macho ya farasi yako pembeni mwa kichwa. Kitu kilicho karibu kabisa mbele ya paji lake hakioni. Hatua ya mwisho anamtegemea aliyempanda. Kumbe mdomo wangu ulisema "ruka", mikono ikasema "simama".

Tukaanza upya. Kwanza ufito mmoja umelazwa chini, tukaupita polepole. Kisha fito mbili zimepishana, chini chini tu. Macho mbele, miguu imkaze, mikono ilegee. Akaruka! Hatukwenda juu, lakini tulikwenda pamoja.

Jioni nilimwomba mwanangu msamaha. Kila siku namwambia ajaribu hesabu, huku nimeshika kalamu yake.

Swali la wiki: yule unayemwita mkaidi, mikono yako inamwambia nini?